Bwana Macho na Madirisha Yangu

Alikuwa haamkii mtu kwa mbali. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watu wa Ngara na Biharamulo watakuambia ukiwauliza habari zake, na watakuambia kwa uchungu utadhani limetokea jana. Wewe uko upande huu wa barabara, yeye upande ule, unampa shikamoo yako safi kabisa, naye anapita. Ukirudia anasimama, anavuka barabara, anakuja mpaka karibu na uso wako, anakutazama vizuri, ndipo anajibu marahaba. Wazee wa Nyamiaga, alikokuwa na nyumba, walisema anaringa. Kina mama walisema ana dharau. Mimi niliandika maneno mabaya kuliko hayo, na nitayafikia.

Mwenyewe alikuwa na jibu lake. Alisema, "Mimi siamkii ukungu." Miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa ya soda, na akitembea kwenye vumbi aliivua na kuitia mfukoni isikwaruzike, akawa anapita katikati ya watu asiowaona nyuso. Aliwahi kunisimulia kwamba utotoni alichapwa na karibu kila mtu mzima wa kijijini kwao kwa kosa la kutosalimia, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama mtoto huyo anawaona. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka, ingawa wakati huo nilikuwa simpendi.

Tulimwita Bwana Macho, kama tunavyosema Bwana Shamba na Bwana Mifugo. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini sitaliandika, maana hakuna aliyelitumia. Alikuwa mtaalamu wa macho aliyeajiriwa Ngara, na kwa kuwa Biharamulo nako hapakuwa na mtu, waliamua kumwazima huku na huku mpaka ikawa haijulikani ni wa nani. Alikuja kwa pikipiki, na nyuma yake amefunga sanduku la mbao lenye lenzi na ile karatasi yake ya herufi E zinazotazama kulia, kushoto, juu na chini. Mtoto alisimama mwisho wa darasa na kuonyesha kwa mkono E inaelekea wapi.

Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kule Runazi, Biharamulo. Shule yenyewe haina haja ya kutajwa, kwani haikukosea, nilikosea mimi. Nilikuwa kijana, nina sauti kubwa, na nilikuwa na miwani yangu ya kuonea mbali ambayo niliichukulia kuwa alama ya usomi. Mpaka leo kuna watu wanaamini hivyo, kwamba miwani ni ya wasomi. Bwana Macho aliposikia nikisema hivyo mbele ya walimu wenzangu alinigeukia akaniambia kwamba miwani ni mkongojo, na hakuna mtu anayejivunia mkongojo. Walimu walicheka. Nilimwekea kinyongo kuanzia hapo, sifichi.

Shida yake kubwa ni kwamba hakuwa na dawa. Mtu akija kwenu na sanduku mnategemea vidonge, au walau matone. Yeye alikuwa anafungua sanduku, anapima, anafunga, halafu anaanza kuhubiri jua. Mtoto atoke nje. Akae nje saa mbili kwa siku, siyo dakika kumi za mapumziko anazotumia kupigania bomba la maji. Asome kidogo, ainue kichwa atazame mlima, arudi kusoma. Daftari liwe mbali kwa kiasi cha mkono wake mwenyewe: ngumi kwenye kidevu, kiwiko juu ya daftari, hapo hapo. Wazazi walimsikiliza wakitazamana. Mzee mmoja wa kamati ya shule alimwuliza mbele ya mkutano, kwa adabu sana, kama kweli amesafiri kutoka Ngara kuja kuwaambia wakulima kwamba watoto watoke nje, kwani alidhani mihogo inapaliliwa sebuleni? Mkutano mzima ulianguka kwa vicheko. Bwana Macho alingoja kicheko kikaisha, akasema, "Wanaopalilia sijaja kwa ajili yao." Hakuna aliyemwelewa, hata mimi.

Alikuwa na namna yake ya kueleza. Siku moja aliingia jikoni kwa wapishi wa shule, akarudi na nyanya mbili, moja ya mviringo na moja ndefu, akaziweka juu ya meza yangu. Jicho zuri ni hii, alisema akigusa ya mviringo. Jicho la mtoto linakua pamoja naye, na jua la nje ndilo linalolizuia lisikue kupita kiasi. Ukilifungia ndani, likashinda limeinamia maandishi, linarefuka likawa hii. Likisharefuka, picha ya mbali haifiki pale inapotakiwa kufika, na mtoto anaona ubaoni michirizi ya chaki tu. Nikamwuliza, na likisharefuka linafupishwaje? Akasema halifupishwi. Miwani inasaidia kuona, lakini nyanya ndefu itabaki ndefu. Kazi ni kuizuia isirefuke, au ikishaanza, isiendelee mbio. Halafu alizirudisha zile nyanya jikoni mwenyewe, kwa sababu alikuwa mtu wa kurudisha vitu.

Kula alikula peke yake. Hilo linaniuma zaidi sasa kuliko wakati ule. Wageni wengine wakija shuleni, wakaguzi, watu wa chanjo, tuliwaandalia ofisini kwangu na tukala nao tukipiga soga. Yeye tulimpelekea sahani darasani alikokuwa amefunga karatasi yake, tukamwacha. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ilitokea tu kwamba kila akija kuna mtu alikuwa amemkasirisha. Alikula ugali wake na maharage akitazama dirishani. Ukipita alikuwa anasogea kidogo kwenye benchi, kama anakupa nafasi ya kukaa. Nilimwona akisogea mara nyingi, na kila mara nikakumbuka nina kazi ofisini.

Watoto hakuwajua kwa majina. Aliwajua kwa umbali. Yule wa nusu ya uwanja, alisema, ameendeleaje? Yule aliyekuwa akiona mpaka mlingoti wa bendera, siku hizi anaishia wapi? Walimu waliona ni ukosefu wa utu kumwita mtoto hivyo. Lakini alikumbuka umbali wa kila mtoto wa kila shule, Ngara na Biharamulo, bila daftari, na ukimwambia sasa hivi hafiki nusu ya uwanja alivua kofia kama aliyepewa taarifa ya msiba.

Kule Mugoma, wilaya ya Ngara, kulikuwa na mama aliyempa shida ambayo alipenda kuisimulia. Alikuwa amehangaika miezi mingi kumpatia miwani binti wa yule mama. Baada ya muda akapita kuwatembelea, akamkuta mtoto hana kitu usoni. Akauliza miwani iko wapi. Mama akaingia ndani, akafungua sanduku la vitenge, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa kuna kitambaa kingine, na humo ndimo miwani ilimolala inang'aa kama siku ilipotoka dukani. Mtoto alikuwa akiivaa Misa ya Jumapili na siku ya mtihani. "Nimeitunza vizuri, Bwana Macho," mama akasema, "isiharibike." Alimwonyesha kwa fahari kabisa. Na alikuwa na sababu nyingine ambayo hata Runazi tunayo, kwamba mtoto akivaa miwani kila siku macho yanazoea uvivu. Bwana Macho alikaa siku nzima katika ua ule akibishana na mama yule. Alichanganya Kihangaza na Kiswahili, akapewa ndizi za kuchemsha, akakataa kuondoka. Jioni mama alimvalisha binti miwani ili tu mgeni aende zake. Binti alitazama ng'ambo ya bonde akauliza yale ni maua gani, kumbe ni nguo za jirani zilizoanikwa uani kwake. Kila akifika hapo katika kusimulia alijifanya anakohoa.

Sasa ukimsikiliza hivyo utadhani alikuwa mtu wa jua na upepo. Thubutu! Nyumba yake pale Nyamiaga nilikuja kuiona baadaye, na haikuwa na dirisha moja lililofunguliwa. Alichukia jua. Alitembea na koti zito na kofia hata wakati wa kiangazi, na akifika shuleni alitafuta kivuli kabla ya kutafuta mwalimu. Aliyekuwa akiwafukuza watoto kwenye vitabu alisoma kama mwenda wazimu: magazeti ya zamani, maelezo ya dawa, karatasi iliyofungiwa sukari, pua imelala juu ya maandishi. Nilimwuliza mbona hafuati mahubiri yake. Akasema yake yameshamaliza kurefuka, hayana tena pa kwenda, basi anayatumia. Nadhani pia hakuwa na mtu wa kuzungumza naye nyumbani, ila hilo hakulisema.

Nieleze sasa habari ya madirisha, kwa kuwa bila hiyo hamtajua alikuwa akipigana na nini.

Shule yetu ilikuwa ya mwisho mwisho katika kata, nami niliapa kuitoa huko. Nikaanzisha kambi. Wanaojua shule zetu wanajua kambi: watoto wa darasa la mtihani wanahamia shuleni, wanalala kwenye madarasa, wanasoma kuanzia alfajiri mpaka taa zinazimwa. Mimi niliongeza ubunifu wangu. Niligundua kwamba watoto wakisoma wanachungulia nje, wakiona mbuzi mawazo yanakwenda na mbuzi. Nikachukua viroba vya mbolea, nikaziba madirisha kuanzia chini mpaka kupita kichwa cha mtoto. Mwanga uliingia kwa juu tu. Ikawa kimya, watoto wameinama, kalamu zinakwenda. Walimu wakuu wa shule nyingine walikuja kuona. Nilitembea nao nikionyesha viroba vyangu kama mtu anayeonyesha nyumba mpya.

Na tulikuwa na adhabu. Aliyechelewa, fyekeo, akafyeke uwanjani. Aliyeshindwa zoezi, ndoo, akachote maji. Waliokuwa wazito darasani walishinda nje wiki nzima, wanafyeka, wanabeba mawe, wanafukuzana. Wenye akili hawakugusa fyekeo. Wale kumi bora wa kila darasa niliwapa zawadi: chumba chao peke yao, chenye viroba vipya, na mazoezi ya ziada. Mtoto wangu Editha alikuwa wa kwanza katika hao kumi tangu alipoanza shule. Fyekeo hakuwahi kulishika hata siku moja, na mama yake na mimi tulilisema hilo kwa majirani.

Bwana Macho alipopima shule yangu mara ya pili aliomba orodha ya matokeo. Nikampa, nikidhani anataka kutusifu. Akaweka orodha yake ya wasioona mbali kando ya yangu, akapitisha kidole. Majina yake yote yalikuwa juu kwenye orodha yangu. Waliokuwa mkiani walimsomea E za mstari wa mwisho kabisa bila hata kukunja uso.

Akasema, "Mwalimu, kumbe hapa mnawaadhibu wenye akili."

Nilicheka. Nilidhani ni utani, na nikaona hata si utani mzuri.

Editha alikuwa darasa la tatu wakati huo. Bwana Macho alimpima siku hiyo hiyo, mwisho kabisa, watoto wengine wameshaondoka. Alimpima muda mrefu kuliko wengine, akampapasa kichwa, akamwambia aende akacheze. Kisha akanigeukia. Akaniambia mtoto bado anaona vizuri, lakini mimi baba yake ninavaa miwani, na mtoto wa mtu kama mimi yuko ukingoni kuliko wenzake. Akasema huyu hasa ndiye wa kutolewa nje, tena sasa, kabla jicho halijaanza safari, kwa sababu jua lina nguvu zaidi ya kuzuia mwanzo kuliko kupunguza mbio. Hakuongea kwa ukali. Aliongea kama anayeomba kitu chake mwenyewe. Nikamjibu kwamba mwakani ana mtihani wa darasa la nne.

"Huo akishindwa ataurudia," alisema.

Mtoto wa mwalimu mkuu arudie darasa! Niliona amenitukana. Mwaka uliofuata nilimwingiza Editha kambini kabla ya wenzake, nikamweka dawati la katikati, mbali na mlango. Aliongoza kata nzima. Nilichinja mbuzi.

Editha alipokuwa darasa la tano Bwana Macho alikuja tena. Watoto walipanga mstari kama kawaida, mmoja mmoja wakawa wanaonyesha kwa mikono, kulia, juu, kushoto, chini. Wote walipata. Darasa zima, hata wale aliowaandika mara iliyopita. Mimi nikasimama mlangoni nikitabasamu. Yeye alikwenda ukutani, akang'oa karatasi yake, akaigeuza juu chini, akaipigilia misumari upya. Akamwita tena wa kwanza, ambaye alikuwa Editha.

Editha akaonyesha kulia, juu, kushoto, chini. Ule ule mpangilio wa mwanzo.

Kumbe yeye ndiye aliyewafundisha. Alikwenda karibu na karatasi wakati wa mapumziko, akaikariri mistari yote, akawakaririsha wenzake ili zoezi liishe upesi warudi kusoma. Ndivyo nilivyowalea: kila kitu kilichobandikwa ukutani ni cha kukariri. Bwana Macho alimwambia asogee hatua moja, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka akawa amesimama karibu kabisa na ukuta, na hapo ndipo akaonyesha sawasawa. Mtoto aligeuka akanitazama akijua amefanya kosa, ila hakujua ni lipi. Bwana Macho alitoa miwani yake usoni, akaifuta na shati kwa muda mrefu, akaivaa tena.

Usiku wa siku hiyo sikulala, na asubuhi niliandika barua. Wengine wangeandika wakitubu. Mimi niliandika kwa hasira. Niliiandikia ofisi ya elimu kwamba mtaalamu wa macho anavuruga vipindi katika msimu wa mitihani, anawatia hofu wazazi, anawaita watoto majina ya ajabu, na ni mtu mwenye majivuno asiyesalimia hata wazee. Nikagonga muhuri wa shule. Na wakuu wenzangu wawili wenye viroba madirishani walisaini kando ya jina langu. Haukupita muda, ikaamuliwa kwamba akae chumbani kwake hospitalini na wenye shida ya macho wamfuate huko. Safari za shule zikaishia hapo.

Alirudi Runazi mara moja tu, kuchukua karatasi yake iliyobaki ukutani. Nilimwona kupitia dirisha la ofisi yangu, ambalo halikuwa na kiroba. Aling'oa misumari mmoja mmoja kwa koleo dogo, akaitia mfukoni, akaviringisha karatasi. Kwetu mgeni anasindikizwa, hata mgeni mbaya, hata mwenye kudai; unatembea naye hatua chache mnaongea ya mvua. Alisimama mlangoni mwa darasa kitambo, akitazama upande wa ofisi. Sijui kama aliona mtu dirishani au aliona ukungu. Sikutoka. Alitembea peke yake mpaka kwenye pikipiki, akafunga sanduku, akaondoka.

Kilichofuata kwangu hakina maelezo mengi. Editha alipata miwani, na mwaka uliofuata ikawa haitoshi, akapata nyingine. Kila likizo anarudi na lenzi nene zaidi ya zile alizoondoka nazo. Alifaulu, hilo sikatai. Yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, na bado anaongoza. Viroba nilivitoa, lakini msinisifu, vilikuwa vimeoza. Vilipooza ndipo nikaanza kufikiri. Siku hizi madarasa ya chini yanasoma Kiswahili na kuhesabu nje, fyekeo anashika kila mtoto kwa zamu, na hakuna aliye darasani wakati wa mapumziko. Walimu wapya wananiona mzee mwenye mambo yake. Nakula nao ofisini, na nikianza kuhubiri jua wanatazama simu zao.

Likizo iliyopita Editha aliniuliza, bila mwanzo wala sababu, Bwana Macho yuko wapi siku hizi. Nikamwambia alistaafu, yuko kwake Nyamiaga. Akasema anataka kumwona. Anataka kumwuliza macho yake yatasimama lini, maana daktari wa shuleni kwao humwandikia tu miwani mpya na kumwita anayefuata. Nilitafuta visingizio kama siku tatu hivi. Siku ya nne tukapanda gari mpaka Lusahunga, tukaunganisha mpaka Ngara.

Tulimkuta uani, amekaa kwenye benchi fupi, anapukuchua maharage juu ya turubai. Amekonda. Nyumba imefungwa kila upande kama nilivyosema, na ua umefagiwa safi, bila alama ya mguu wa mtu mwingine. Tulimwamkia kwa karibu. Editha alimkumbusha yeye ni nani, naye akainamisha kichwa kando akamwambia, "Wewe ni wa karatasi iliyogeuzwa." Akafurahi sana, nilimwona. Akaingia ndani akatoa viti viwili vyenye vumbi, akavipangusa kwa koti lake.

Alimjibu maswali yake yote kwa uvumilivu, kama mtu aliyesubiri miaka kuulizwa. Alimwambia kwamba kwa kawaida mwendo hupungua mtu akishamaliza kukua, ingawa hakumwapia. Avae miwani kutwa nzima, apimwe kila mwaka, na amtafute daktari bingwa amtazame nyuma ya jicho, hasa akiona vimulimuli au kivuli kama pazia, hapo asingoje hata siku moja. Atoke nje, hata sasa. Editha akauliza, na yaliyokwisha kupotea? Mzee akasema hayo hayarudi, mama. Alilisema taratibu, akaendelea na maharage.

Mimi nilikuwa nimeandaa maneno tangu Lusahunga. Nikaanza. Nikasema ile barua, nikasema muhuri, nikasema ujana, nikasema nilikuwa na mzigo wa shule. Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye neno samahani, hapo akainua mkono.

"Mwalimu, simama mbele ya mtoto," alisema. "Na wewe, mama, vua miwani."

Nikasimama. Editha akavua miwani akaipakata. Sikuwa nimeuona uso wake bila miwani kwa muda mrefu. Kulikuwa na vijishimo viwili puani. Mzee akamwuliza baba anafanya nini usoni. Editha akasema baba anamtazama. Mzee akaniambia nirudi nyuma hatua moja. Editha akasema amekunja uso kidogo. Kweli, nilikuwa nimekunja. Hatua nyingine. Editha akakodoa macho, akasema anaona miwani yangu, na pengine mdomo.

"Rudi tena," mzee akasema.

Nikarudi. Hapo ndipo machozi yalinitoka, nami sikuyafuta kwa kuogopa kwamba mkono wangu utaonekana. Yalishuka mpaka kwenye kola. Kati yangu na kiti cha mwanangu palikuwa na turubai moja la maharage.

"Sasa baba anafanya nini?"

Editha alinielekea, akachelewa kidogo kujibu, kama mtoto mwenye adabu ambaye hataki kumkosea mtu. "Anacheka," akasema. Na yeye akacheka, ili anijibu.

Bwana Macho hakumsahihisha. Alisogea kidogo kwenye benchi lake, akaniita nikae, nikaenda nikakaa.